Gesi Kwanza, Mzigo Baadaye

Injini ya baba ilikuwa na silinda sita na tabia ya kukohoa mara mbili kabla ya kukubali kuwaka. Nasema ya baba, ingawa mwenye kiwanda ni mwingine, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili hakuna mkono mwingine ulioiwasha. Injini ilizungusha jenereta, na jenereta ikaendesha kiwanda kizima cha madaftari: mashine ya kupiga mistari, mashine za kukata, za kupiga pini, feni na taa. Nyumbani tulizifuata habari zake kama za ndugu mwenye afya ya mashaka. Baba akirudi amenyamaza, mama alimuuliza, "Leo imeamkaje?" na sisi watoto tukaacha kutafuna ili tusikie jibu.

Kwa hiyo karakana yetu ilipopata kazi ya kuifungia gesi injini hiyo, nilijua kabisa ni mgonjwa wa nani ninayekwenda kumpasua.

Wiki nzima baba alinipokea mlangoni mwa chumba cha injini kama mgeni wa heshima. Alinifutia kiti kwa kitambaa chake, akasema, "Karibu, fundi."

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe, nimekulea. Lakini hapa kazini fundi ni fundi."

Nyuma yangu Spana alicheka hadi akaegemea ukuta. Spana ndiye fundi mkuu wa karakana yetu, mwembamba wa mwili, mnene wa maneno, na ndiye aliyenichukua kutoka chuoni mwaka uliotangulia. Kazi yetu ni kuzichukua injini za dizeli na kuzizoeza kutumia gesi asilia na dizeli kwa pamoja. Bomba la gesi lilikuwa limefika mtaa wa viwanda miezi michache nyuma, na kila mwenye jenereta alikuwa akitutafuta.

Asubuhi ya siku ya majaribio, mwenye kiwanda aliingia chumba cha injini akiwa na miwani juu ya kichwa na kalamu tatu mfukoni. Wote walimwita Mama Madaftari, hata mbele yake, na hakuonekana kuchukia.

"Nimewaona mkihangaika na mabomba wiki nzima," alisema. "Sasa nawapa leo. Injini ifanye kazi kwa gesi na dizeli mpaka zamu iishe saa kumi, isinizimie mashine hata moja. Ikishindwa, kesho naagiza jenereta mpya ya gesi tupu. Hiyo inajiwasha, inajizima, na ikiumwa inawapigia simu wenyewe walioiuza."

"Na mwendeshaji wake?" Spana aliuliza.

"Haina mwendeshaji. Ndiyo uzuri wake."

Alilisema hilo akilitazama bomba jipya la manjano, si baba. Baba alichukua kitambaa akaanza kufuta geji ambayo ilikuwa safi tayari. Nilimwona kisogo chake tu. Ana miaka hamsini na minane. Mtu wa umri huo, mwenye sikio la injini moja, nani angemwajiri?

Tukawasha kwa dizeli peke yake, ikakohoa mara mbili, ikaamka. Ilipopata joto na mashine zote kuingia kazini, niliifungua vali ya gesi kidogo kidogo. Mkasi, kijana mwenye kifua kipana wa mashine za kukata, alikuwa amekuja dirishani kutazama, pamoja na wenzake watatu.

"Fundi Sikio!" alimwita baba kwa jina lake la kiwandani. "Leo binti yako anamlisha mzee gesi? Tumbo likijaa je?"

"Likijaa atapumulia upande wako," baba alimjibu bila kugeuka.

"Hebu tuelezeni basi. Gesi na dizeli zinakaaje chungu kimoja?"

Nilifungua mdomo, nikaona watu wanne wananitazama, yaani macho manane, nikaufunga. Spana akaingia kazini. "Mwenzangu huyu anajua, mimi ni spika yake tu. Gesi haiwaki kwa kubanwa ndani ya silinda kama dizeli. Kwa hiyo dizeli hatuifukuzi. Tunabakisha kidogo, iwe kiberiti. Gesi inaingia pamoja na hewa, inabanwa, halafu tone la dizeli linapulizwa, linawasha vyote. Dizeli kiberiti, gesi kuni. Nimekosea, fundi?"

Nilitikisa kichwa kwamba hakukosea.

"Kimya kingi kina mshindo," Mkasi akasema, na wenzake wakacheka, ila hawakucheka kwa ubaya.

Saa nne gesi ilikuwa imefika asilimia sitini ya chakula chote cha injini. Vipimajoto vyangu sita, kimoja kwa kila silinda, vilitulia. Moshi uliokuwa ukitoka mweusi kwa miaka ishirini na miwili sasa haukuonekana. Baba alitoka nje mara mbili kuutafuta. Aliporudi mara ya pili aliwaambia wale vijana wa dirishani, kwa sauti ya kushinda injini, "Mnaona? Hesabu zile za chuo, huyu anazipiga kichwani!" Nikainamia daftari langu.

Hapo ndipo nilipofanya jaribio dogo. Nilimwomba Mkasi azime mashine zake mbili ghafla. Injini ilikuwa ikienda mizunguko elfu moja na mia tano kwa dakika. Mzigo ulipopungua, mwendo ukapanda hadi elfu moja na mia tano na themanini, ukakaa huko sekunde kadhaa kabla ya kushuka. Kwa dizeli tupu ungepanda kidogo na kurudi mara moja.

Sababu niliijua. Ubavuni mwa injini kuna gavana, kifaa kinacholinda mwendo. Mzigo ukizidi anaongeza dizeli, ukipungua anapunguza. Lakini gavana wa baba alijua dizeli tu. Gesi hakuijua, na ile dizeli ya kiberiti tulikuwa tumemfungia asiiguse. Mzigo ukiondoka kidogo, anaweza. Ukiondoka wote kwa mpigo mmoja, gesi inaendelea kuingia na kuwaka, na yeye hana cha kupunguza. Tulikuwa tumeweka vali ya kuikata gesi, na dizeli pamoja nayo, mwendo ukizidi, lakini hata vali ikifunga, gesi iliyokwisha kuingia bombani haina njia ya kurudi. Lazima iishie ndani ya silinda.

Dawa yake ni rahisi: unapunguza gesi kwanza, kisha unaondoa mzigo. Niliandika hivyo kwenye daftari. Halafu nikakumbuka saa sita.

Kila siku saa sita kamili, kwa mapumziko ya mchana, baba alishika mpini wa swichi kuu na kuuvuta chini mara moja. Kiwanda kizima kilizimika pamoja, mashine zote, pap! Kisha injini, ikiwa haina tena cha kubeba, ilishusha pumzi ndefu, na wafanyakazi waliojazana dirishani wakapiga makofi. Nilipelekwa kuuona mchezo huo nikiwa na miaka sita. Hakuna saa ya ukutani pale kiwandani. Saa ni mkono wa baba.

Nilitakiwa kumwambia aache. Maneno yenyewe hayafiki kumi. Lakini alikuwa amesimama katikati ya wale vijana, bisibisi ndefu mkononi, akiwaeleza jinsi binti yake alivyokuwa wa pili chuo kizima. Ningemwambiaje mbele yao kwamba kitu wanachompigia makofi kila siku ndicho kitakachoiharibu injini yake?

Nikaandika.

Si ajabu kwetu. Baba alizoea kutuletea nyumbani madaftari yaliyokataliwa, yale ambayo mistari yake ilipiga kona, na mimi mambo yote mazito nilimwandikia humo. Nilimwandikia nilipofeli historia. Nilimwandikia nilipotaka kusomea injini na mama akataka nisomee uuguzi. Niliiacha karatasi chini ya kikombe chake, na asubuhi nilikuta jibu limeshatendwa: ada imelipwa, au mama amebembelezwa. Hatukuwahi kuzungumza juu ya karatasi hata moja.

Basi nilichana ukurasa, nikaandika kwa herufi kubwa: BABA, LEO USIVUTE SWICHI KUU KWA MPIGO. NIITE KWANZA. Nikaubandika kwa utepe kando ya mpini, mahali ambapo nilidhani hata kipofu angeuona. Kisha nikatoka kwenda nyuma ya jenereta kukagua kiungio cha bomba. Spana alikuwa getini, kwenye mita ya gesi.

Sikufikiria jambo moja. Baba akiwa kazini huvua miwani, kwa sababu mvuke wa oili unaichafua. Na akishika ule mpini, haangalii mpini. Anaangalia dirisha.

Nilisikia pap. Halafu, badala ya pumzi, nikasikia injini ikipiga ukelele. Sauti ilipanda, ikapanda, sakafu ikaanza kutetema chini ya viatu vyangu, kitu kikapasuka kama mjeledi, na ghafla kukawa kimya. Vali ilikuwa imekata. Gesi ilikuwa imekwisha. Nilipozunguka nikamkuta baba bado ameushika mpini, na mbele yake mkanda wa feni umelala sakafuni vipande viwili.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nimefanya nini?" baba aliuliza. Hakumuuliza mtu.

Mama Madaftari alifika kabla sijapata pumzi, na Spana nyuma yake akikimbia. Alitazama mkanda, akatazama geji zote zikiwa kwenye sifuri, akaiona karatasi. Akaisoma, midomo ikitembea.

"Nani ameandika hii?"

"Binti yangu," baba akasema haraka. Sasa na yeye alikuwa ameiona, ameisogeza karibu na pua. "Alinionya. Niliisoma, nikapuuza. Mazoea yana tabu, mama. Kosa ni langu, gesi yao haina kosa. Usiwarudishe hawa kwa sababu ya uzee wangu."

"Ukubwa jaa," Spana alinong'ona karibu yangu. Alimaanisha kwamba mkubwa hubeba takataka za wote, na alikuwa sahihi. Baba alikuwa anaitoa kazi yake ili kuiokoa yangu, na alikuwa anafanya hivyo kwa urahisi ule ule aliotumia kunifutia kiti.

Mama Madaftari alishusha pumzi. "Basi limekwisha lenyewe. Nimesema tangu asubuhi, nataka kitu kisichotegemea mkono wa mtu."

"Hakuisoma," nikasema.

Ilitoka ndogo. Mkasi dirishani akauliza, "Amesemaje?" Nikasema tena, na safari hii hata mimi nilishtuka.

"Hakuisoma! Hana miwani, tazameni, iko mfukoni. Mimi nilijua tangu saa nne kwamba swichi ikivutwa kwa mpigo injini itakimbia. Nilikuwa naye chumba kimoja saa mbili nzima. Nilitakiwa kumwambia kwa mdomo, nikaona aibu, nikabandika karatasi. Huyu hakukosea kazi yake. Amefanya kama anavyofanya kila siku, na mimi ndiye niliyeibadilisha injini bila kumwambia imebadilika."

"Mwanangu—" baba alianza.

"Baba, samahani, sijamaliza." Sijawahi kumkatiza baba maishani. Alifunga mdomo kwa mshangao. "Mama, ulisema mpaka saa kumi. Sasa ni saa sita na robo. Mkanda wa akiba upo, umetundikwa pale. Nipe hiyo saa kumi yako. Tutaizima mbele yako bila hata taa kucheza."

Mama Madaftari alinigeukia. Sidhani kama alijua kabla ya hapo kwamba nina sauti.

"Nimeshasema saa kumi, sina haja ya kuibadili," alisema. "Ila nitakuwa nimesimama hapa hapa."

Tulikagua injini yote. Ilikuwa imepona. Spana akafunga mkanda huku akiimba, jambo analolifanya akiwa ameogopa. Mimi nilimkalisha baba kwenye kile kiti alichokuwa akinifutia, nikamweleza yote kwa mdomo: kiberiti, kuni, gavana asiyeijua gesi. Aliniuliza maswali ambayo mwalimu wangu wa chuo hakuwahi kuulizwa.

"Kwa hiyo gavana wangu sasa ana nusu ya usukani."

"Ndiyo, baba. Nusu nyingine ni mkono wako kwenye hii vali. Gesi kwanza, mzigo baadaye."

"Na nikienda kinyume?"

"Umeona."

"Nimeona," alisema, akacheka kidogo. "Sasa mbona hukunambia, mama? Ningekula mtu?"

"Ulikuwa unanisifu."

Akafuta paji la uso. "Basi kosa ni la sifa," alisema.

Saa saba kiwanda kikarudi kazini. Tukaingiza gesi tena, polepole, hadi asilimia sitini, kisha Spana akataka tusogee zaidi. Nikaifikisha sabini. Vipimajoto vilitulia. Mama Madaftari alikuwa amesimama kweli, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Baba alikuwa anazunguka injini na bisibisi yake, ncha juu ya chuma, mpini nyuma ya sikio, silinda moja baada ya nyingine. Kwenye ya nne alisimama.

"Hii inagonga," alisema.

Nikatazama kipimajoto cha nne. "Kiko sawa, baba."

"Sikwambii kipimajoto. Nakwambia inagonga. Si ule mlio wake wa kawaida, huo naujua. Huu uko nyuma yake, kama mtu anayebisha hodi kwa ufunguo."

Nilimtazama Spana, Spana akainua mabega. Nikarudi kwenye kipimajoto. Dakika moja ikapita, kisha namba ya nne ikaanza kupanda: digrii tano, kumi, kumi na nane juu ya wenzake. Gesi ikizidi ndivyo inavyofanya. Inawaka kabla ya wakati wake, inapiga pistoni, na ukiiachia inaitoboa. Nilipunguza vali hadi sitini na tano. Baba akasikiliza, akanyoosha kidole gumba. Namba ikashuka.

"Amejuaje kabla ya mashine yako?" Mama Madaftari aliniuliza.

"Joto linachukua muda kufika kwenye kipimajoto," nilimjibu. "Sauti haichukui."

Alivuta boksi la vipuri lililokuwa ukutani, akaliketia.

Ilipofika saa kumi kasoro robo dirisha lilikuwa limejaa. Habari za mchana zilikuwa zimezunguka, na nadhani nusu ya watu walikuja kuona injini ikipasuka. Nilisimama pembeni ya baba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye vali, wa kulia kwenye mpini wa swichi kuu, na wa kulia ulikuwa na hamu, kama mguu wa mchezaji aliyewekwa benchi.

"Gesi hadi hamsini," nikasema. Akageuza. "Mkasi! Zima mashine zako!"

"Zote?"

"Moja! Ukimaliza hiyo, ya pili!"

"Sawa, bosi!" Watu wakacheka. Mwendo ulipanda mizunguko kumi, ukarudi.

"Thelathini. Mashine za pini, zimeni." Zikazimwa. "Kumi na tano. Feni." Feni za dari zikapunguza mwendo mpaka ukaweza kuhesabu mapanga. Mashine ya mistari ikawa ya mwisho. Mkono wa kulia wa baba ukakaza.

"Baba, bado."

"Imebaki taa tu, mama."

"Bado. Gesi mpaka sifuri kwanza."

Aligeuza vali hadi ikagota. Injini ilibadilisha sauti, ikarudi kwenye ule mngurumo wa zamani, dizeli tupu. Baba aliinamisha kichwa kuusikiliza. Nilisubiri hadi sindano ya gesi ikalala kabisa.

"Sasa."

Akaushusha mpini. Hakukuwa na pap. Taa zilizimika, basi, na injini ikaendelea kunguruma kwa utulivu, hata kushusha pumzi haikushusha. Kwa watu wa dirishani ulikuwa mchezo mbovu kuliko yote waliyowahi kuona. Mmoja akauliza, "Ndiyo imekwisha?"

"Ndiyo imekwisha," baba akamjibu. "Na kuanzia leo itakuwa inakwisha hivyo hivyo, hata saa sita. Mwenye kutaka makofi ajipigie nyumbani kwake."

Mama Madaftari aliinuka kwenye boksi, akashusha miwani machoni, akaandika kitu kwenye kiganja chake. "Kesho iwake saa moja na nusu kama kawaida."

"Aiwashe nani?" Spana aliuliza. Mtu huyu hawezi kuacha kidonda bila kukigusa.

"Anayeiwasha siku zote. Kwani kuna mtu amefukuzwa hapa?" Akafika mlangoni, akageuka. "Ile injini ya pili, ya banda la nyuma. Mtaifungia gesi lini?"

Nilimtazama Spana ajibu. Spana akatazama dari, akawa kama mtu anayehesabu mabati. Baba naye alikuwa ananitazama, na watu wote wa dirishani.

"Jumatatu," nikasema, na sauti ikafika mpaka kwa Mkasi. "Ila kabla hatujagusa hata nati, nataka nikae na wote wanaoizima. Wote. Waje na maswali."